Mwaka Niliosomea Kilabuni

Sumbawanga haikosi mahali pa kukaa. Kila baada ya hatua chache kuna benchi, gogo, kiti cha plastiki au ngazi ya duka, na mwenyewe atakwambia "karibu" hata kama hakujui. Kinachokosekana ni mahali pa kukaa ukaachwa. Hilo nilikuja kulijua mwaka nilipouzunguka mji mzima nikitafuta pa kusomea kemia.

Nianze na hiyo kemia. Nilikuwa mhudumu wa afya katika kituo kimoja cha hapa mjini, mwaka wa kumi na moja. Mhudumu ndiye anayedeki wodi, anayechemsha vyombo, anayebeba ndoo ambazo sitazieleza hapa. Kazi nyingi za wauguzi nilizijua kwa kuziangalia, na sikuruhusiwa kuigusa hata moja. Chuo cha uuguzi kilitaka ufaulu wa bailojia, fizikia na kemia za kidato cha nne. Bailojia nilikuwa nayo, fizikia nilikuwa nayo kwa taabu. Kemia nilikuwa nimepata F mara mbili, ya kwanza shuleni na ya pili nilipoirudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mganga mfawidhi wetu, mzee aliyebakiza mwaka na ushee kustaafu, aliniita ofisini.

"Leta D," akaniambia. "Ukileta D nakuandikia barua ya ruhusa ya masomo kabla sijaondoka. Huyo atakayekuja baada yangu simjui."

Nikamjibu kwamba nitaleta. Nikatoka nje, nikashika kichwa. Watu wengine mwaka ule waliomba nyumba, waliomba waume, waliomba mvua. Mimi niliomba D moja, na niliitaka mpaka nikawa naiota.

Mzee alinipangia zamu za mchana tupu, kuanzia saa nane, ili asubuhi niwe huru. Muda basi nilikuwa nao. Mahali ndipo hapakuwepo. Nilipanga chumba kimoja kwenye nyumba ya wapangaji sita huko Majengo, na jirani wa ukuta mmoja alikuwa fundi redio. Fundi redio hawezi kujua kama sabufa imepona bila kuisikia, na yeye alianza kuzisikia saa moja asubuhi. Nilimgombeza. Akaniomba radhi kwa adabu zote, akapunguza sauti siku moja, kesho yake akasahau. Mimi nina hasira za karibu, wanaonijua wanajua, lakini huwezi kuendelea kumgombeza mtu anayekuita dada na kukujulia hali kila asubuhi. Nikafunga madaftari yangu kwenye kitenge, nikatoka.

Kwanza nilikwenda pazuri. Katikati ya mji palikuwa pamefunguliwa mgahawa wa kisasa, wa vioo, wenye mashine ya kahawa inayopiga mluzi na keki zilizopangwa ndani ya kabati lenye taa. Nilikuwa nimeona kwenye simu vijana wa miji mikubwa wamekaa sehemu kama zile na kompyuta zao, kikombe kimoja tangu asubuhi mpaka jioni, na hakuna anayewasumbua. Nikavaa nguo ya kutokea. Nikaagiza kahawa yenye povu, nikafungua daftari kwenye jedwali la elementi. Sijafika kwenye sodiamu, dada wa kuhudumia ameshasimama.

"Sister, nikuongezee nini?"

Nikasema bado. Nikafika kwenye magnesiamu.

"Sister, hujaipenda kahawa yetu?"

Nikaagiza keki ili aondoke. Akaondoka, akarudi kuuliza kama keki ni tamu. Siku ya tatu, nikiwa kwenye alumini, nilimwambia kwa sauti iliyofika meza zote kwamba mimi si ng'ombe wa kulishwa kila nusu saa. Mashine tu ndiyo ikaendelea kupiga mluzi. Yule binti alikuwa anafanya alivyofundishwa, na mimi nilijua hivyo wakati ule ule nikiongea. Sikurudi tena, kwa aibu.

Nikajaribu chumba cha kusomea ambacho wanafunzi wa sekondari hukitumia. Meza zipo, viti vipo, kimya kipo. Nikadhani nimefika. Kumbe tatizo ni malezi mema ya watoto wa Ufipa. Mtoto wa kwetu hapiti mbele ya mtu mzima bila kumwamkia, na kwa kuwa mle ndani hairuhusiwi kupaza sauti, walikuwa wanakuja mpaka kwenye kiti changu, wanainama, wananong'ona. "Shikamoo mama." Marahaba. "Shikamoo mama." Marahaba. Wakitoka kunywa maji wakirudi, wengine wanaanza upya, labda kwa usalama. Kutoitikia sikuweza, maana mtu mzima asiyeitikia salamu ya mtoto ana nini ndani yake? Asubuhi moja niliitikia marahaba nyingi kuliko kurasa nilizofungua. Na binti mmoja mwenye uso wa upole alichungulia daftari langu akasema, "Mama, hapo hujabalansi." Alikuwa amesema kweli. Iliniuma wiki nzima.

Nikahamia stendi. Kuna migahawa ya supu na chapati inayofunguliwa mapema, na kelele za stendi hazimlengi mtu, nikafikiri nitazizoea kama mtu anavyozoea mvua juu ya bati. Sikujua kwamba mwanamke mtu mzima, aliyetulia, asiye na mzigo na asiyeangalia basi, kwa macho ya abiria ni stoo.

"Dada, niangalizie hili begi, narudi sasa hivi."

Aliyekuwa anakwenda Laela aliniachia kuku wawili waliofungwa miguu. Wa Matai aliniachia bahasha ya vyeti vyake vyote, akaenda kunyolewa. Mama mmoja aliyeshuka kutoka Kabwe aliniachia gunia la migebuka mikavu, akapotea mpaka saa tano, na harufu ikaingia kwenye sura nzima ya asidi na besi. Mpaka leo ukifungua kurasa zile unasikia ziwa. Aliporudi alinishukuru sana, akanipa samaki watatu. Samaki niliwala, ila kemia haikusogea.

Mwezi wa tano ukaisha, baridi yetu ikashuka. Anayeijua Sumbawanga ya Juni hahitaji kuelezwa, na asiyeijua avae koti kwanza. Nikapata duka la maziwa la familia ya wafugaji waliohamia kwetu kutoka upande wa Shinyanga. Maziwa ya moto, meza mbili, mwenye duka mtu wa maneno machache. Pale nilidumu karibu wiki mbili. Kilichoniondoa ni hesabu za moli. Siku hiyo nilikuwa nimejifunika shuka zito mpaka kichwani, nimeinamia daftari, na machozi yananitoka kwa hasira kwa sababu jibu lilikuwa limekataa mara ya sita. Mzee mmoja akaweka glasi yake chini, akaja akanishika mkono.

"Pole, mama. Ni nani?"

"Hakuna mtu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Usijikaze, mwanangu. Lia tu."

Mwenye duka akazima redio. Wateja wakaanza kuja mmoja mmoja kunipa pole ya msiba ambao sikuwa nao, na mimi, kwa jinsi nilivyochoka, nikajikuta naitikia, "Asante, tumeshapoa." Kesho yake ningerudije pale? Wangeniuliza tumezika saa ngapi.

Muuguzi mmoja wa zamu yangu aliposikia habari ya ziara zangu alicheka mpaka akakaa chini. "Mchagua jembe si mkulima, mwenzangu. Soma hata chooni." Nikamwambia choo cha wapangaji sita nacho kina foleni. Nilicheka naye, lakini moyoni nilikuwa nimeanza kuogopa. Miezi mitano ilikuwa imebaki, na nilichokijua cha uhakika ni elementi kumi na tatu za kwanza.

Wiki ile ile nilitumwa. Mama mmoja mpika pombe alikuwa ameungua mkono kwa uji wa moto, na alikuwa ameruka siku mbili za kufungwa kidonda. Wauguzi wakaniambia kwa kuwa asubuhi sina zamu, nimpitie kwake nimkumbushe. Kilabu chake kilikuwa nyuma ya soko, nyumba ndefu ya matofali ya kuchoma. Nilifika saa mbili asubuhi, upepo unakata masikio. Nikasukuma mlango, nikakutana na joto.

Mapipa matatu yalikuwa upande wa nyuma, mawili juu ya moto. Meza za mbao ndefu zilikuwa zimesuguliwa kwa majivu mpaka zimekuwa nyeupe, na dirisha kubwa la mashariki lilikuwa wazi kwa ajili ya moshi, jua linaingia lote. Wateja kabla ya mchana hawaruhusiwi. Ndani kulikuwa na mama mwenyewe, wa miaka sitini na kitu, mkono mmoja umefungwa khanga, na mwanamke mwingine anayemsaidia kukoroga. Nikafungua mdomo kupiga hodi kwa sauti yangu ya kawaida, ambayo si ndogo. Mama akaweka kidole mdomoni. Akanionyesha benchi.

Nikakaa. Dakika tano, kumi, ishirini. Hakuna aliyeniuliza nakunywa nini, naelekea wapi, wala nani amefariki. Kwa kukosa la kufanya nikafungua daftari. Nilipokuja kuinua kichwa, mama alikuwa amekaa upande wa pili wa meza anachambua ulezi, na mimi nilikuwa nimefanya hesabu nne za moli. Nikazilinganisha na majibu ya nyuma ya kitabu. Zote nne zilikuwa sahihi. Nikarudia kuzilinganisha, nikapiga meza kwa ngumi kwa furaha, na mama akanikazia macho.

"Pombe haitaki kelele," akasema chini chini. "Ikiwa motoni, na ikiwa inachachuka, humu hatugombani, hatuimbi, hatupigi mluzi. Ukiipigia kelele inanuna, inakuwa kama maji ya kuoshea vyombo. Mama yangu alinifundisha hivyo, na mama yake alimfundisha hivyo."

Na kwa kuwa kila siku kulikuwa na pipa motoni na jingine linachachuka, kimya cha mle ndani hakikuwa na likizo. Nilimtazama yule mama kama mtu aliyeonyeshwa njia ya kwao.

"Mama, mimi si mnywaji. Naweza kuwa nakuja asubuhi na madaftari yangu?"

"Ukisoma unapiga kelele?"

"Hapana."

"Basi kaa. Ila hiki kidonda utanifunga wewe hapa hapa, mie siachi pipa."

Nikamwambia siruhusiwi kufunga kidonda cha mtu, ndiyo maana nasoma. Akautazama mkono wake. "Kumbe," akasema. "Basi soma haraka." Akamwachia mwenzake mwiko, akajitanda khanga, akaenda kituoni kwa miguu yake.

Kuanzia siku ile nilikuwa mlangoni saa moja na nusu, kila siku isipokuwa Jumapili. Nilikuwa na mwisho wangu wa meza, karibu na dirisha, mgongo kwenye joto. Mama alinifutia sehemu ile kabla sijafika. Wapo walevi wachache waliokuja mapema kubahatisha, na yeye aliwazuia mlangoni kwa mnong'ono, "Mwanafunzi yumo," nao waligeuka bila kubisha. Nikamaliza asidi na besi, samaki na yote. Nikamaliza moli. Mtihani ungekuwa wa Kiingereza, kwa hiyo kila nilichokielewa kwa Kiswahili nilikiandika tena kwa Kiingereza mara tatu, mpaka vidole vikaota sugu.

Na nilisoma kwa macho pia. Kitabu kilisema uchachukaji hutoa gesi, na mimi nikiinua kichwa naiona gesi inapasua povu juu ya pipa. Mama aliita ile hali "inapumua." Kitabu kilisema joto likizidi hamira hufa, na mama hakutia kimea kabla hajachovya kiwiko kwenye uji na kusikilizia. Siku moja nilimsomea sehemu hiyo kwa mnong'ono, nikiitafsiri. Akasikiliza mpaka mwisho. "Aliyeandika hapo alipikia wapi?" akauliza. Nikasema sijui. "Ameandika vizuri," akasema, "ila hakusema kuhusu kelele."

Sikuwahi kufurahi hivyo nikiwa na kitabu mkononi. Nilikuwa natoka pale saa saba nimenyooka, natembea kama mtu mwenye cheo, naenda kudeki wodi huku nasawazisha milinganyo kichwani. Nilisahau kitu kimoja tu, kwamba nguo zangu zilinuka moshi na pombe.

Sumbawanga ni mji, lakini kwa macho ya watu ni kijiji. Mwanamke Mkatoliki, mwanajumuiya, anaingia kilabuni saa moja na nusu asubuhi, ana furushi la kitenge kwapani, anatoka mchana anatabasamu peke yake! Hata walevi wenyewe saa hizo wamelala. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na langu lilikuja mbio.

Jumamosi moja ya mwezi wa tisa nikasikia mlangoni kwangu, "Tumsifu Yesu Kristo." Nikaitikia, "Milele amina," nikafungua. Walikuwa wanawake tisa wa jumuiya yetu, na mbele yao mwenyekiti, mama mwenye sauti ambayo kanisani huhitaji kipaza sauti ukiwa nayo. Fundi redio alipowaona alizima sabufa bila kuambiwa. Wakajibana chumbani, wengine kitandani, wengine chini, tukasali rozari nzima. Mimi nilisali kwa moyo kabisa, nikidhani kuna mgonjwa. Tulipomaliza mwenyekiti akanishika mikono.

"Mwenzetu, ugonjwa si aibu. Leo ni siku ya tisa ya novena. Tumemwomba Mungu akutoe kwenye pombe."

Damu ilinipanda. Niliyoyasema siku ile hayasemwi mbele ya rozari, na sitayarudia. Niliwaonyesha madaftari, wakayatazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mlevi anayeapa. Mwenyekiti akasema tena, kwa upole ulioniumiza kuliko matusi, kwamba kwa kunitakia mema alishamweleza hata mganga mfawidhi, ili kazini wanisaidie.

Hapo hasira iliniisha, nikaikumbuka barua yangu.

Jumatatu mzee aliniita. Barua ilikuwa mezani, imechapwa, jina langu juu. "Nilikwisha kuiandaa," akasema. "Lakini sahihi yangu siiweki kwa mtu anayeanza siku yake kilabuni. Niambie si kweli."

"Ni kweli naenda, mzee. Naenda kusoma."

"Kilabuni."

"Ndiyo."

"Kemia."

Nilimsikia anavyolitamka, nikajua kwamba hata mimi nisingejiamini. Akairudisha barua kwenye faili.

Nililia njiani, nalisema wazi. Miezi mitatu nilikuwa nimeipata dunia yangu, na sasa ile ile iliyoniokoa ndiyo ilikuwa inaniangusha. Kisha nikafuta uso, nikageuza njia, nikaenda moja kwa moja nyumbani kwa mwenyekiti wa jumuiya. Alikuwa anapepeta mahindi.

"Kesho saa moja na nusu tunaenda wote kilabuni," nikamwambia.

"Mimi? Watu wataniona!"

"Wakuone. Mimi wamenionea miezi mitatu."

Alikuja. Alijitanda khanga mbili mpaka yakabaki macho, akapita nyuma ya soko akiuambaa ukuta, na mlangoni alifanya ishara ya msalaba. Akaingia, akavuta pumzi ili atoe salamu. Mama mwenye kilabu akaweka kidole mdomoni.

Sijui kama yule mwenyekiti alikuwa amewahi kunyamazishwa tangu azaliwe. Alikaa mbele yangu saa mbili na nusu. Nusu saa ya kwanza alikuwa anatafuta pombe: alichungulia chini ya meza, akanusa kikombe changu, kilikuwa na uji. Baadaye akaanza kuniangalia mikono. Nilikuwa natatua maswali ya mtihani wa nyuma, sikumjali. Nilipokosea nikafuta, nikarudia. Aliona nimefuta jibu moja mara nne. Mara ya tano lilipokubali nilifumba macho nikaachia pumzi, na nilipoyafumbua mwenyekiti alikuwa amejifunua khanga kichwani, machozi yanamtoka bila sauti.

Tulipotoka hakupita hata nyumbani kwake. Alikwenda kituoni kwa mwendo wa askari, nikimfuata nyuma, na wagonjwa wa nje wote waliokuwa kwenye foleni walimsikia. "Mganga! Nimekosa! Hanywi! Anasoma! Nimekaa naye mwenyewe, anasoma mpaka inatia huruma!" Mzee akatoka na miwani mkononi. Foleni nzima ikageuka kunitazama, na bibi mmoja mgonjwa wa kifua akaanza kupiga makofi, wakamfuata. Nilitamani kuingia chini ya ardhi. Nilitamani pia wasiache.

Barua ikarudi mezani kusubiri D. Na jumuiya ikaanza novena nyingine, safari hii ya kemia.

Mtihani ulikuja na mvua za Novemba. Nilikaa katikati ya vijana ambao ningeweza kuwazaa, wakaniamkia wote, nikawaitikia kwa mpigo mmoja, "Marahaba wanangu, sasa tuachane." Nikafungua karatasi. Kuhusu uchachukaji nilikuwa nimejiandaa kuliko mtahiniwa yeyote wa Tanzania, na halikuja hata swali moja. Zilikuja moli. Zilikuja ukurasa mzima. Nilizitazama, nikasubiri ile hofu yangu ya zamani ipande. Haikupanda. Nikavuta karatasi karibu, nikazimaliza moja baada ya nyingine, na nilipoinua kichwa nilishangaa kuona ukumbi badala ya mapipa.

Matokeo yalitoka Januari, asubuhi, mimi nikiwa kwenye mwisho wangu wa meza. Mtandao ulikuwa umebanwa na nchi nzima. Nilipandisha ukurasa, nikashusha, nikatafuta namba yangu kwa kidole. Mama mwenye kilabu aliacha kukoroga akaja kusimama nyuma yangu, ingawa hajui kusoma. Nikaiona. Nikaisoma mara mbili, nikampa yule msaidizi wake, aliyemaliza la saba, anisomee na yeye.

"Kemia," akanong'ona. "C."

"C ni mbaya?" akauliza mama.

"Mama, niliomba D. C iko juu yake."

Akatazama mapipa. Akanitazama mimi. Kisha yule mwanamke aliyekuwa hajapaza sauti mbele ya pombe tangu alipofundishwa na mama yake alitupa mwiko chini, akaweka mkono mdomoni, akapiga vigelegele mpaka watu wa sokoni wakaja kuchungulia. Tukakumbatiana tukizunguka mle ndani kama wehu, unga wa kimea umetapakaa nguoni. Na pombe ya siku ile, kwa taarifa ya wote, ilichachuka vizuri sana. Alipoionja alinikataza kumwambia mtu.

Mzee alitia sahihi mchana ule ule, akasimama kunipa mkono, kitu ambacho mganga mfawidhi hakuwa amewahi kumfanyia mhudumu mbele yangu. Chuo kingeanza baada ya miezi kadhaa. Jumatatu iliyofuata nikafunga madaftari kwenye kitenge kama kawaida, nikaenda kilabuni kuanza kupitia bailojia nisije nikaaibika huko niendako.

Sehemu yangu ilikuwa imekaliwa. Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa kwenye benchi langu, amevaa miwani ya kuazima, na pembeni yake wanawake wawili kati ya wale tisa. Kila mmoja alikuwa na daftari jipya na kalamu. Mwenyekiti aliishia darasa la saba. Alinivuta sikio karibu na mdomo wake.

"Nina miaka hamsini na mbili," akanong'ona, na kunong'ona kwake ni kazi. "Usinicheke."

"Nani anacheka?"

Nikatafuta ndoo tupu, nikaigeuza, nikakaa. Mwenyekiti akanisukumia daftari lake. Kwa kuwa kuuliza kwa sauti hakukuwezekana, alikuwa ameandika swali lake kwenye ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa zilizopinda: MAJI YAKICHEMKA MPAKA YAKAISHA YAMEKWENDA WAPI?

Nililisoma lile swali. Miaka kumi na moja nilikuwa nimeulizwa mopu iko wapi, ndoo iko wapi, na nani alimwaga. Nikavuta daftari, nikachukua kalamu mkononi mwake, nikaanza kumwandikia jibu.